Maji ya Chemba Yapimwe kwa Madumu, Si kwa Kikombe

Mwulize mtu wa Chemba maji mema ni yapi, naye atakujibu kwa ulimi wake. Atakwambia kwamba maji ya kisima kile yana chumvi, hayaivishi maharage upesi wala hayatoi povu la sabuni, na chai yake hainyweki. Bali maji ya korongo lile ni matamu. Ndiyo sababu si ajabu kumwona mama akilipita bomba, dumu kichwani, akaenda zake kufukua mchanga korongoni. Sisi hatumlaumu. Visima virefu vingi vya nyanda za kati vina chumvi kweli, na mtu amepewa ulimi ili autumie.

Lakini ulimi una mpaka wake. Waijua chumvi, waijua magadi, waujua uozo. Kijidudu cha kipindupindu haukijui. Maji yenye homa ya matumbo yaweza kuwa meupe kama kioo na matamu kuliko maji ya mvua. Na jicho nalo ni vivyo hivyo, kwani mara nyingi maji yenye tope la udongo mwekundu hutiliwa shaka, hali maji maangavu yaliyochotwa hatua tatu kutoka kwenye choo hunywewa kwa furaha. Hapo ndipo inapotupasa kuuliza: ikiwa ulimi haujui na jicho haliono, ni nani atakayemwambia mwananchi wa Kwamtoro, wa Farkwa, wa Goima au wa Mrijo kwamba maji haya yana maradhi? Na atamwambia lini, kabla ya mtoto kuugua au baada ya kumzika?

Wilaya ya Chemba ni changa. Ilikatwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Nchi yenyewe, hata hivyo, ni ya kale, na kiu yake ni ya kale vilevile. Mvua ni ya msimu mmoja tu, kisha huja miezi mingi ya jua. Mto Bubu hupita na makorongo yake, nayo yakishaacha kutiririka watu huyafuata maji chini ya mchanga. Palipo na lambo, Mrangi, Msandawe, Mburunge, Mgogo na Mbarbaig huchota hapo hapo wanaponyweshea ng'ombe na mbuzi wao. Mnyama huingia na kwato zake, hunywa, hujisaidia, hutoka. Mtoto hufuata nyuma na kibuyu. Mambo haya kila mtu ayajua, wala hatuyaandiki kwa kumwaibisha mtu, maana asiye na bomba hana la kuchagua.

Sasa tutazame jinsi maji yanavyopimwa. Bwana Afya, au mtaalamu wa maji, huja na chupa iliyotakaswa, akachota kiasi cha mililita 100, yaani chini ya nusu ya kikombe cha chai. Maji hayo hupitishwa katika utando mwembamba wenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawawezi kupenya. Utando huo huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, ukatiwa katika kasha lenye joto la digrii 44, ukaachwa usiku kucha. Asubuhi yake, kila kijidudu kilichonaswa kimekwisha zaa kikawa kidoa kionekanacho kwa macho, na kazi inayobaki ni kuhesabu vidoa. Anayetafutwa hasa ni bakteria aitwaye E. koli, akaaye matumboni mwa watu na wanyama. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Njia hii ni njema, na asiyeitumia aianze leo. Vifaa vyake huenea katika sanduku la kubebwa mkononi. Lakini ina kasoro mbili, nazo ndizo zilizotufanya tushike kalamu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba E. koli ni shahidi tu, si mwizi mwenyewe. Akionekana, twajua kuwa kinyesi kimeingia majini. Asipoonekana, hatuwezi kuapa kwamba mwizi hayumo, kwani shahidi huyu hufa upesi akitiwa klorini, na wako wezi wasiojali klorini hata kidogo. Mmoja wao ni kriptosporidio, kijidudu chenye ganda gumu, kitokacho katika kinyesi cha watu na hasa cha ndama. Uchunguzi mkubwa wa maradhi ya kuhara, uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo, na ukatangazwa mwaka 2013, ulikihesabu kijidudu hiki miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuhara kukali kwa watoto wachanga. Wenye ng'ombe, na wanaochota lambo moja na ng'ombe, walifikirie jambo hilo. Dawa inayotiwa katika tangi haiwakingi na huyu. Hukingwa kwa kuchemsha maji, au kwa kuyachuja hasa.

Kasoro ya pili ni udogo wa kikombe. Na hapa twamwomba msomaji afanye hesabu pamoja nasi. Tuseme katika kisima fulani mna kijidudu kimoja cha namna hiyo katika kila lita 10. Mpimaji achotaye mililita 100 amechota sehemu moja katika mia ya lita hizo. Itampasa aje mara mia ndipo atarajie kukinasa mara moja. Atakwenda zake akiandika kwamba maji ni salama, naye hakusema uongo, ameandika alichokiona. Lakini kijiji cha watu 500, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku, hunywa lita 1,000. Humo mna vijidudu 100. Kila siku iendayo kwa Mungu, vijidudu 100 vyaingia katika matumbo ya watu wa kijiji kile, na daftari la ofisini lasema hakuna.

Maana yake ni kwamba kijiji kizima chenyewe ndicho kilichogeuzwa chombo cha kupimia. Matumbo ya watoto ndiyo chujio, na zahanati ndiyo maabara. Wagonjwa wakishafika kumi kwa siku moja, ndipo tunapojua kwamba maji ni mabaya. Hatuoni kwamba huo ni upimaji wa kuvumiliwa katika mwaka huu.

Dawa ya kasoro hii inajulikana. Chombo cha kupimia hakina budi kunywa maji mengi kama wanavyokunywa wanakijiji, si kuonja. Badala ya kikombe, yapitishwe madumu matano, lita 100, katika chujio moja. Vyote vilivyomo vinaswe humo. Kisha chujio lisukutwe kinyumenyume kwa maji kidogo yenye dawa ya kubandua, mpaka lita 100 ziwe zimekuwa kama nusu lita tu. Katika nusu lita ile mmo kila kilichokuwa kimetawanyika katika madumu matano. Hapo ndipo mtaalamu achukue tone lake akatazame kwa darubini, au akalioteshe, au akalipime kwa mashine iongezayo chembe za urithi za vijidudu, itoayo jibu kwa saa chache.

Na chujio lenyewe ni lipi? Hili ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Ni lile lile litumiwalo kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Ni bomba la plastiki la urefu wa mkono wa mbele, na ndani yake mmejaa mirija maelfu, kila mmoja mwembamba kama unywele, yenye kuta za matundu madogo mno hata virusi havipiti. Wataalamu wa maji waligundua kwamba kilichobuniwa kwa ajili ya damu chafaa pia kwa mto. Basi mtu asituambie kwamba haya ni mambo ya Ulaya yasiyojulikana kwetu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, mjini Dodoma, husafisha damu za wagonjwa wa figo, na tangu mwaka 2018 hupandikiza figo. Vifaa vya ukoo huu vinafika Dodoma. Kinachotakiwa ni kwamba vingine vipande gari vielekee Chemba.

Watu wa nchi nyingine walijifunza somo hili kwa gharama. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, kriptosporidio ilipenya katika mitambo ya kusafishia maji, na watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 wakaugua kwa majuma machache. Maji yale yalikuwa yametiwa klorini, na vipimo vya kawaida havikupiga kelele. Uingereza nayo, mwaka 1999, iliweka kanuni kwamba mitambo ya maji iliyo katika hatari ichuje bila kukoma, usiku na mchana, lita 1,000 kwa kila saa 24, na hesabu isifike kijidudu kimoja katika lita 10. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu aliyeshika ndoo. Hufanywa na mtambo ujiendeshao wenyewe, wenye pampu, saa, na kipimo cha mkazo wa maji, ambao huvuta, huchuja, na huandika kiasi kilichopita. Baada ya mwaka 2001 Wamarekani walizidi kuiendeleza mitambo ya jinsi hii, wakichelea adui asije akatia sumu au vijidudu katika maji ya miji. Sisi adui wetu hana haja ya hila. Hujipitia mwenyewe kwa kwato za ng'ombe na kwa choo kilichojaa.

Twajua kwamba wako watakaotujibu kwa hasira, na hasira yao tunaiheshimu. Watasema: "Ninyi waandishi, tupeni maji kwanza, kupima kutafuata. Mwenye kiu haulizi kijidudu." Neno hilo lina uzito. Mtu atembeaye saa mbili kwa dumu moja hatakiwi kuletewa karatasi isemayo kwamba dumu lake ni baya, kisha akaachwa hapo. Kama kupima ni kwa ajili ya kumtisha tu, basi bora kusiwepo.

Lakini tuitazame hoja hiyo vizuri. Ni nadra kijiji kuwa na chanzo kimoja tu. Pana lambo, pana kisima cha mkono, pana shimo la korongoni, pana bomba la chumvi. Watu huchagua kila siku, nao huchagua kwa ulimi. Wakiambiwa kwamba shimo la juu la korongo ni salama na la chini lina homa ya matumbo, watachagua kwa akili, wala haitawagharimu senti. Na Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019, hauwezi kujenga kila mahali kwa mwaka mmoja. Hauna budi kuanza mahali fulani. Je, uanzie wapi? Penye mwenyekiti mwenye sauti kubwa, au penye maji yauayo? Asiye na vipimo ataanzia penye sauti.

Hoja nyingine ni ya wazee, nayo ndiyo inayotuumiza zaidi kwa kuwa ni ya kweli. Wazee husema kwamba mitambo wameiona. Mwaka 1971 nchi yetu iliazimia kwamba katika miaka 20 kila mwanakijiji awe na maji karibu na nyumba yake. Pampu zikaja, injini zikaja, na sherehe zikafanywa. Baadaye mafuta yakakosekana, mpira ukakatika, spana ikaibwa, na vijiji vingi vikarudi korongoni. Leo ukileta mtambo ujiendeshao, mzee atauliza kwa haki kabisa: ukisimama, nani atauendesha?

Kwa hiyo sisi hatuombi mtambo mkubwa wa kupigwa picha. Twaomba mambo mawili yaliyo mbalimbali, na yasichanganywe. Kwa vijiji, litakiwalo ni chujio la mirija, pampu ndogo ya betri ichajiwayo kwa jua, madumu na mpira wa kupitishia. Vitu hivi hufungwa nyuma ya pikipiki. Pampu ikifa, maji yaweza kusukumwa kwa mkono, kwa subira zaidi. Na palipo na maji yapitayo, hata kitambaa chatosha kuanzia: mwaka 1948 daktari mmoja wa Uingereza, Moore, alitundika vitambaa vya bandeji katika mifereji ya maji machafu kwa siku kadhaa, vikanasa vijidudu vilivyomwongoza katika kuwatafuta watu waliokuwa wakieneza homa. Bandeji na uzi havikosekani Chemba.

Mtambo kamili ujiendeshao wenyewe una mahali pake pengine, napo ni bwawa la Farkwa. Bwawa hilo la mto Bubu limezungumzwa kwa miaka mingi, nalo limekusudiwa kulisha jiji la Dodoma pamoja na Chemba, Bahi na Chamwino. Mto utakaolijaza wapita katika malisho. Yafaa chumba cha kuchujia na kupima kiandikwe katika ramani tangu mwanzo, kama vile ulivyoandikwa mlango wa maji, kisije kikaongezwa baada ya wagonjwa wa kwanza. Na watu wa Chemba, ambao ardhi yao ndiyo itakayofunikwa na maji hayo, wana haki ya kwanza ya kujua kilichomo.

Hatutaki pia kumdanganya msomaji kwamba chujio hili halina kazi ngumu. Maji ya lambo la Chemba ni mazito kwa udongo. Utando wa maabara huziba kabla hata kikombe hakijapita. Chujio la mirija huvumilia zaidi, lakini nalo huchoka, hivyo maji sharti kwanza yatulizwe katika pipa au yapitishwe katika kichujio kipana. Tena, ile mashine ya chembe za urithi husumbuliwa na rangi ya majani yaliyooza, na haipambanui kijidudu kilicho hai na kilichokwisha kufa. Ndiyo maana mtu aliyefunzwa ni bora kuliko mashine mbili. Fedha zikiwa chache, na zianze kwa mtu.

Na mtu huyo akae Chemba. Maabara ya maji ya Wizara iko mjini Dodoma, na tangu mwaka 2018 barabara kuu kwenda Kondoa na Babati ni ya lami tupu. Lakini Kwamtoro haiko juu ya lami. Chupa ya maji ya kupimiwa vijidudu hutakiwa kuwekwa katika baridi na kufika maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na isizidi siku moja. Ikichelewa katika jua na vumbi, vijidudu vingine hufa na vingine huzaliana, na jibu litokalo ni la safari, si la kisima. Kumbe lita 100 zilizokwisha kupunguzwa kuwa nusu lita papo hapo kisimani huenea katika kasha dogo la barafu, na chujio ndilo lililofanya kazi nzito.

Chemba imekwisha kulipa bei ya majibu yachelewayo. Mwaka 2016, katika wilaya hii na wilaya jirani, watu walianza kuvimba matumbo na kugeuka manjano macho, na kwa muda haikujulikana ni ugonjwa gani. Baadaye ikabainika kwamba ni sumukuvu katika mahindi. Watu wapatao 20 walikufa. Ile haikuwa habari ya maji, twajua, lakini walioketi msibani hawakuulizana kama muuaji ametoka ghalani au kisimani. Waliuliza mbona hawakuambiwa mapema. Na mwaka uliotangulia, Agosti 2015, kipindupindu kilikuwa kimezuka Dar es Salaam kikaenea mikoani, hata waliougua nchini wakapita 20,000. Ugonjwa huo husafiri majini siku kadhaa kabla ya kulala kitandani. Mwenye chujio angeweza kuuona ukiwa bado njiani.

Neno letu jingine ni juu ya karatasi ya majibu. Imekuwa desturi kwamba maji ya kijiji yakishapimwa, jibu huenda kwa aliyeagiza lipimwe, likatiwa jaladani. Mwenye kisima hulisikia kwa bahati, pengine asilisikie kabisa. Twashauri Halmashauri ya Chemba iagize kwamba jibu la kila chanzo libandikwe penye chanzo chenyewe ndani ya siku mbili, kwa Kiswahili chepesi na kwa rangi, ili asiyejua kusoma aelewe: kijani, nyweni, njano, chemsheni kwanza, nyekundu, msinywe mpaka tutakaporudi. Na siku ya kurudi iandikwe. Jumuiya ya watumia maji, ambayo hukusanya fedha za kila ndoo, ipewe nakala, kwani alipaye ana haki ya kuuliza anauziwa nini.

Mvua za nyanda za kati huanza Novemba au Desemba. Maji ya kwanza ndiyo yafagiayo kinyesi cha kiangazi kizima na kukitia lambo, na siku zile ndizo ambazo mama hufurahi kupata maji karibu. Chujio la kwanza liwe limefika kabla ya mvua hizo, na lianzie Kwamtoro, mbali na lami.